Ukilinganisha na Nani?

Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya uzamili, niliwachukua wanafunzi waliopata alama za chini kabisa katika mtihani wa hisabati wa muhula wa kwanza, nikawafundisha kwa mbinu mpya kwa muda wa wiki kumi, kisha nikawapa mtihani mwingine. Karibu wote walipanda. Nilichora majedwali, nikakokotoa wastani wa kabla na wa baada, na katika sura ya tano nikaandika kwa uhakika kwamba mbinu ile inafaa na inapaswa kuenezwa. Msimamizi wangu alikaa na sura hiyo juma zima, akanirudishia ikiwa na swali moja tu lililoandikwa kwa penseli pembezoni mwa jedwali kubwa: "Wangekuwaje kama usingewafundisha?"

Mwanzoni niliona ni swali la kunichelewesha. Ilinichukua siku kadhaa kukiri kwamba sikuwa na jibu, na kwamba hakuna safu yoyote katika majedwali yangu ambayo ingeweza kunipa jibu. Alama ya mtihani mmoja huchanganya uwezo wa mwanafunzi na mambo ya siku ile: alilala vibaya, alikuwa na homa, maswali yaliangukia sura ambayo hakuisoma. Unapowachagua walio chini kabisa, unawachagua wenye uwezo mdogo pamoja na wale waliopatwa na siku mbaya, na siku mbaya haijirudii kwa wote. Kwa hiyo wastani wao katika mtihani unaofuata utapanda hata kama hakuna aliyewagusa. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilionyesha jambo hili mwaka 1886 kwa vimo vya wazazi na watoto: wazazi warefu mno huzaa watoto ambao kwa wastani ni warefu, lakini si warefu kiasi kile, na wazazi wafupi mno huzaa watoto ambao kwa wastani wamewazidi kidogo. Wanatakwimu hukuita huko kurudi kwenye wastani. Mimi nilikuwa nimekuita mafanikio.

Juu ya hayo, wiki kumi zilikuwa zimepita. Walimu wao wa kawaida waliendelea kufundisha, watoto walikua, na mtihani wa pili huenda ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Kila moja ya sababu hizo ingeweza kuzaa jedwali lilelile.

Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma tafiti za watu wengine nikiwa na swali lile la penseli mkononi, na nimefikia kuamini kwamba muundo wa utafiti, kwa sura zake zote, ni juhudi za kulijibu swali hilo. Mwanafunzi hawezi kufundishwa na kutofundishwa katika wiki zilezile. Mgonjwa hawezi kumeza dawa na kutoimeza. Kile tunachotaka hasa kukiona, yaani mtu yuleyule katika maisha mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu, hakionekani kamwe. Kinachobaki ni kutafuta mbadala wa maisha yale ya pili, na utafiti mzuri hupimwa kwa ubora wa mbadala huo.

Vitabu vya shule hueleza mbinu ya kisayansi kama ngazi: mtu huona jambo, huuliza swali, huunda nadharia tete, yaani dhana itakayojaribiwa, hufanya jaribio, huchambua data, kisha hutoa hitimisho. Ngazi hiyo si ya uongo, lakini inampa msomaji picha ya mtu anayepanda bila kuteleza, wakati sehemu kubwa ya kazi ni kuteremka: kuitazama dhana uliyoipenda na kuuliza ni tukio gani likitokea utalazimika kuiacha. Nadharia tete yenye thamani hukataza kitu fulani kisitokee. Ile inayokubaliana na kila matokeo haijasema lolote.

Sijapata mfano unaoonyesha hili vizuri kuliko kazi ya daktari Ignaz Semmelweis katika hospitali kuu ya Vienna. Hospitali ile ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846 homa ya uzazi iliua takriban asilimia 11 ya wanawake katika wodi ya kwanza, na chini ya asilimia 3 katika ya pili. Maelezo yalikuwa mengi, naye aliyapitia moja baada ya jingine. Ikiwa ni hewa mbaya ya mji, kwa nini ikae upande mmoja wa jengo? Ikiwa ni msongamano, mbona wodi ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi, kwa kuwa wanawake waliililia? Ikiwa ni hofu ya kengele ya padri anayepita kuwapa waliokuwa mahututi sakramenti, basi padri apite njia nyingine bila kengele. Alipita, na vifo havikupungua. Ikiwa ni mlalo wakati wa kujifungua, wodi ya kwanza iige mlalo wa wodi ya pili. Iliiga, na vifo havikupungua. Kisha Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, aliyejeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wazazi. Madaktari walitoka chumba cha maiti kwenda kuzalisha; wakunga hawakuwa na kazi katika chumba cha maiti. Semmelweis akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vya wodi ya kwanza vikashuka kutoka asilimia 18 mwezi Aprili hadi karibu asilimia 2 mwezi Juni.

Mtu makini ataniuliza: je, huo nao si ulinganisho wa kabla na baada, kama ule wa tasnifu yangu? Ni kweli kwamba nambari za Aprili na Juni peke yake zingekuwa dhaifu. Nguvu ya hoja ilitoka kwenye wodi ya pili. Wodi hiyo ilikuwa pale muda wote, katika jengo lilelile na mji uleule, ikionyesha hali ingekuwaje bila mikono iliyotoka kwenye maiti. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita haraka: wanawake walipokewa katika wodi hizo kwa zamu za siku. Aliyekuja siku moja alipelekwa ya kwanza, aliyekuja siku iliyofuata alipelekwa ya pili. Si utajiri wala afya iliyowagawa. Ni kalenda, ingawa baadhi yao walijitahidi kuikwepa siku ya wodi ya kwanza. Bila kukusudia, hospitali ilikuwa imeunda makundi mawili yanayokaribia kufanana.

Si mara nyingi ulimwengu hutupa zawadi ya namna hiyo, lakini daktari John Snow aliipata nyingine huko London miaka michache baadaye, na aliitambua mara moja. Mitaa kadhaa ya kusini mwa mji ilipata maji kutoka kampuni mbili ambazo mabomba yake yalipishana barabara kwa barabara, nyumba hii ikiwa na maji ya kampuni moja na jirani yake ya nyingine. Mwaka 1852 kampuni ya Lambeth ilihamisha mahali pa kuchotea maji hadi juu ya mto Thames, kabla ya maji machafu ya mji kumwagika. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota palepale chini. Kipindupindu kilipolipuka mwaka 1854, Snow alitembea mlango kwa mlango akiuliza maji ya marehemu yalitoka wapi, na pale wenyeji waliposhindwa kujibu alipima kiasi cha chumvi ndani ya maji, kwa sababu maji ya kampuni hizo yalitofautiana sana kwa chumvi. Katika wiki saba za mwanzo, kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 315. Za Lambeth, vifo 37. Tajiri na maskini, kijana na mzee, walikuwemo pande zote mbili. Snow hakumgawa mtu yeyote, wala asingekuwa na haki ya kufanya hivyo. Alichofanya ni kugundua kwamba mgawanyo ulikwisha fanyika kwa sababu isiyohusiana na ugonjwa.

Pale ambapo zawadi haipo, mtafiti anayetazama tu bila kuingilia ana njia kuu mbili. Anaweza kuanzia mwisho, kwa wagonjwa, akarudi nyuma kuuliza walifanya nini. Au akaanzia mwanzo, kwa watu wazima wa afya wenye mienendo tofauti, akawafuatilia hadi aone nani ataugua. Watafiti wa Uingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walitumia zote mbili kwa swali moja. Mwaka 1950 walitoa ulinganisho wa wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu na wagonjwa 709 wa maradhi mengine waliolingana nao kwa jinsia na umri. Miongoni mwa wanaume 649 wenye saratani, wasiovuta sigara walikuwa 2. Miongoni mwa wanaume 649 wa kundi la ulinganisho, walikuwa 27. Njia hii ni ya haraka, na kwa ugonjwa adimu mara nyingi ndiyo pekee inayowezekana. Udhaifu wake ni kwamba inategemea kumbukumbu za watu wanaojua tayari kwamba wanaumwa, na inategemea sana ni nani uliyemweka upande wa pili. Ukiwachagua vibaya wale wasio na ugonjwa unaouchunguza, jedwali lako litasema uongo kwa sauti ya ukweli. Kwa hiyo mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wa Uingereza, wakapata majibu ya zaidi ya 40,000 kuhusu uvutaji wao, kisha wakasubiri. Ufuatiliaji wa madaktari wanaume uliendelea kwa miaka 50. Sigara iliandikwa kabla ya ugonjwa kutokea, kwa hiyo ugonjwa haukuweza kuipotosha kumbukumbu.

Hata hivyo kusubiri hakuondoi tatizo moja. Watu wanaochagua jambo fulani huwa wanatofautiana na wasiolichagua kwa mambo mengine mengi, na mojawapo ya mambo hayo linaweza kuwa ndilo chanzo halisi. Kwa miaka mingi tafiti za ufuatiliaji zilionyesha kwamba wanawake waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wasiotumia, na madaktari wakaziandika homoni hizo wakiamini zinalinda moyo. Kisha likafanyika jaribio kubwa nchini Marekani ambamo wanawake 16,608 waligawanywa kwa nasibu, wengine wakapewa homoni mbili kwa pamoja na wengine kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2002 lilisimamishwa kabla ya wakati: waliopewa homoni walipata saratani ya matiti na kiharusi zaidi, na moyo haukulindwa. Wataalamu waliendelea kujadili kwa nini tafiti zile zilipotoka, na umri wa kuanza kutumia homoni umo katika mjadala huo; lakini sehemu ya maelezo ni kwamba wanawake waliozitumia kwa hiari yao walikuwa tayari na elimu zaidi, kipato zaidi na afya bora zaidi. Ulinganisho ulikuwepo. Mbadala ndio haukufaa.

Ndiyo maana kugawa kwa bahati nasibu nakuona kuwa mojawapo ya mawazo makubwa ya karne iliyopita, ingawa kwa mtu asiyelizoea linafanana na uzembe. Mtafiti anapojaribu kusawazisha makundi kwa mkono wake, husawazisha yale anayoyajua: umri, uzito, ukali wa ugonjwa. Kura husawazisha, kwa wastani, hata yale ambayo hakuna anayeyajua. Mfano unaotajwa zaidi ni jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948. Dawa ilikuwa haba, haiwezi kuwatosha wote, na uhaba huo ndio uliofanya iwe haki kuwa na kundi lililotibiwa kwa mapumziko ya kitandani tu, ambayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa jedwali la nambari za nasibu, na mgao wa kila mmoja ukafungiwa ndani ya bahasha, ili daktari asijue mgonjwa ataangukia wapi kabla ya kuamua kumpokea. Bahasha hiyo ni jambo dogo lenye uzito mkubwa, kwa maana daktari mwema anayejua kwamba nafasi inayofuata ni ya dawa atashawishika kumpa mgonjwa anayemhurumia. Baada ya miezi sita, katika wagonjwa 55 waliopata dawa walikuwa wamekufa 4. Katika 52 wasioipata, 14. Nao waliosoma picha za eksirei hawakuambiwa picha ipi ni ya nani, kwa sababu jicho linalotarajia nafuu huiona.

Kuna jaribio jingine ambalo kila ninapolisoma hunifanya niitazame upya imani yangu katika uzoefu. Mtoto akifika hospitali na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, fikra ya kawaida ilikuwa kumwongezea maji mishipani kwa wingi na kwa haraka. Kisayansi inaelezeka, na mtoto huonekana kupata nafuu mbele ya macho yako. Watafiti walilijaribu jambo hilo kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, watoto waliopewa maji kwa kasi walikufa kwa kiwango cha asilimia 10.6 kwa aina moja ya maji na 10.5 kwa nyingine. Wale wasiopewa kwa kasi, asilimia 7.3. Ile nafuu ya saa ya kwanza ilikuwa ya kweli. Waliopewa maji walionekana kutoka katika mshtuko mapema zaidi, kisha wakafa zaidi. Nesi au daktari anayehudumia mtoto mmoja mmoja, kwa moyo wote na kwa ustadi wote, asingeweza kuigundua tofauti hiyo maishani mwake, kwa sababu mbele yake hayupo mtoto yuleyule ambaye hakupewa.

Tofauti ya asilimia tatu pia inaeleza kwa nini ukubwa wa sampuli si urembo. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita, kila jozi na tiba yake, na wawili waliopewa machungwa na malimau wakapona kiasi kwamba mmoja alirudi kazini baada ya siku sita. Watu wawili walitosha kwa sababu athari ilikuwa kubwa mno, ingawa jeshi la majini la Uingereza lilichelewa hadi 1795 kuagiza maji ya limau kwa meli zake. Athari nyingi tunazozitafuta leo si za ukubwa huo. Huzama ndani ya mabadiliko ya kawaida ya binadamu, na mtafiti lazima akokotoe kabla ya kuanza ni watu wangapi watahitajika ili zionekane.

Mwanatakwimu Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio, alieleza namna ya kupima nguvu ya bahati kwa vikombe 8 vya chai, vinne vikiwa vimetiwa maziwa kwanza na vinne chai kwanza, huku mwonjaji akitakiwa kuvitofautisha kwa ladha. Mtu anayebahatisha tu atavitambua vyote sawasawa mara moja katika 70. Hesabu hiyo ni safi kwa sababu swali liliwekwa kabla ya kuonja. Ukiuliza maswali ishirini baada ya kuona data na kuchapisha lile moja lililojibu vizuri, hesabu hiyo haina maana tena, hata kama programu ya kompyuta itakutolea nambari nzuri. Naamini hili ndilo lililochangia matokeo ya mwaka 2015, kundi kubwa la watafiti liliporudia tafiti 100 za saikolojia: kati ya tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimedai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kuletwa na bahati tu; katika marudio, asilimia 36 tu. Tangu hapo imezidi kuwa kawaida kusajili mpango wa utafiti hadharani kabla ya kukusanya data, swali likiwa limeandikwa na kipimo kikuu kimetajwa. Kwa tafiti za kitabibu, wahariri wa majarida makubwa walikwisha anza kudai usajili huo mwaka 2005.

Sitaki kuacha kusema kwamba kundi la ulinganisho ni watu. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Alabama, Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo, bila kuwaambia ukweli, na iliendelea kuwanyima matibabu hata baada ya penisilini kuwa dawa inayojulikana kuwaponya wagonjwa wa aina yao. Kwa mchoro wa karatasi, huo ulikuwa ulinganisho. Lakini hakuna swali la kisayansi lililokuwa limebaki, na hakuna aliyeridhia. Mgawo kwa kura una haki pale tu ambapo kwa kweli hatujui upande upi ni bora, na pale tu ambapo anayegawiwa ameelezwa na amekubali.

Msimamizi wangu hakunifelisha. Aliniambia nirudi shuleni. Muhula uliofuata niliorodhesha wanafunzi wote waliokuwa chini ya alama fulani, nikapata ridhaa ya wazazi na ya wanafunzi wenyewe, na kwa kuwa nisingeweza kuwafundisha wote kwa wakati mmoja tulipiga kura: nusu waanze, nusu wasubiri zamu yao baada ya mtihani. Aliyesahihisha karatasi hakujua nani ni wa kundi lipi. Makundi yote mawili yalipanda. Langu lilipanda zaidi kidogo, na tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kuileta. Niliandika hivyo katika sura ya tano, iliyokuwa fupi kwa kurasa nne kuliko ile ya kwanza, na jedwali lake kubwa likawa na safu ya pili.